Kuhariri shajara si kughushi
Ndugu, umeuliza kama mtu anayeirekebisha shajara yake kwa kuwa wajukuu wataisoma anawadanganya. Sidhani. Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwa mafichoni Amsterdam, Uholanzi, kuwakwepa Wanazi, alisikia redioni mwezi Machi 1944 waziri wa Uholanzi aliyekuwa uhamishoni London akiwahimiza wananchi watunze shajara na barua za wakati wa vita, na ilipofika Mei akaanza kuiandika upya yake kwenye karatasi zisizoshonwa, akifupisha hapa, akiongeza pale, na kuwabadilisha majina wale aliojificha nao. Daftari lake la kwanza, hata hivyo, hakulichana (na hilo ndilo la kuigwa). Nawe hariri utakavyo, ila tarehe, bei ya unga na majina ya majirani yaache yalivyo, kwani hayo ndiyo wajukuu watakayoyakosa kwingineko.