Ngazi ya umeme ya motahomu inaishia nusu: pima waya kabla hujanunua mota

Mkuu, nimekuelewa vizuri kwa sababu nimepita humohumo. Unasema motahomu, yaani gari lenye nyumba ndani, likiwa limezimwa ngazi ya mlangoni inatoka nusu na kukwama, ila ukiwasha injini inatoka hadi mwisho. Fundi amekwambia mota imekufa. Na umeuliza umeme wa ngazi utolewe wapi, betri ya kuwashia gari au betri ya ndani, ile ya taa na vifaa vya nyumbani.

Usinunue mota bado. Injini ikiwaka, altaneta inapandisha umeme hadi kwenye volti 14 na ushei. Ikizimwa, betri iliyojaa inabaki na 12.6 hivi. Kama ngazi inahitaji hiyo nyongeza ndiyo itembee, maana yake kuna volti zinapotea njiani kabla hazijafika kwenye mota. Waya ndio wa kwanza kushukiwa.

Mimi niliambiwa mota, nikanunua mota, nikaifunga, ikakwama palepale. Nikaishi nayo hivyo miezi kadhaa. Kisha siku moja mama yangu, anayetembea kwa mkongojo, akawa anashuka. Akaweka mguu pale alipozoea kukuta ngazi, na ngazi ilikuwa imeishia nusu. Tulimdaka mkono akiwa tayari anakwenda chini. Jioni ile nililala chini ya gari na mita ya kupimia volti, na sikutoka mpaka nilipojua tatizo liko wapi.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kupima ngazi ikiwa imetulia. Mita ilisoma 12.6 kwenye plagi ya ngazi, nikasema umeme upo. Lakini mita yenyewe haivuti mkondo wa maana, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utakuonyesha 12.6 ileile. Volti hupotea mzigo ukivuta. Kwa hiyo mwombe mtu afungue na kufunga mlango, wewe uwe chini, vidole mbali na mikono ya ngazi kwa sababu inabana vibaya. Unga waya mrefu kutoka nguzo ya hasi ya betri hadi kwenye ncha moja ya mita, ncha ya pili igusishe hasi ya mota, na usome ngazi ikiwa inatembea. Unataka kuona karibu na sifuri. Yangu ilisoma 1.9. Nikafanya hivyohivyo upande wa chanya, 0.5. Jumla volti 2.4 zinaishia njiani, mota inabaki na kama 10.

Bolti ya ethi, yaani ya waya wa hasi, ilikuwa imefungwa kwenye fremu ya ngazi, juu ya rangi. Nilipoifungua, kikuku cha waya kilitoka na unga wa kutu wa rangi ya chungwa, na nilipochuna ganda nikakuta shaba imekuwa ya kijani hadi mbali ndani. Ngazi inaning'inia mahali pa kupigwa maji na matope kila safari, kwa hiyo ethi ya pale haidumu. Ushauri wangu, na hapa sibadiliki: usitegemee fremu kurudisha umeme. Vuta waya wa hasi wake mwenyewe hadi kwenye betri au kwenye baa ya hasi (kipande cha chuma kinachokusanya nyaya za hasi), unene sawasawa na wa chanya.

Unene nao upigie hesabu. Ukinzani wa shaba ni kama 0.0175 mara urefu kwa mita, gawanya kwa unene kwa milimita za mraba, na urefu ni kwenda na kurudi. Betri yangu iko mita 7 kutoka kwenye ngazi, kwa hiyo mita 14. Waya wa 2.5 unatoa omu 0.098, na mota ikivuta ampea 10 unapoteza karibu volti nzima. Waya wa 6 unapoteza 0.4 tu. Nikaweka wa 6 pande zote mbili. Ngazi ikifika mwisho wa safari mkondo unaruka juu zaidi ya hapo, ndiyo sababu sipendi kubana matumizi kwenye waya huu.

Sasa betri. Mimi ninachukua betri ya ndani. Mkiegesha siku kadhaa mlango unafunguliwa mara nyingi, na kisanduku cha kuongozea ngazi nacho huvuta kidogo muda wote. Mzigo huo ukiwa kwenye betri ya kuwashia, asubuhi ya kuondoka gari linaweza kugoma. Lakini toa umeme kabla ya swichi kuu ya kukatia, moja kwa moja betrini kupitia fyuzi yake. Ukiutoa baada ya swichi hiyo, ukiizima ngazi ikiwa nje itabaki nje, na utaondoka nayo ikiwa imechomoza ubavuni. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, ampea zile zilizoandikwa na mtengenezaji wa ngazi. Ikikatika, tafuta sababu. Usiweke kubwa zaidi, kwa maana fyuzi inalinda waya usiwake moto.

Kuna pia waya mwembamba wa ishara kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Huo unakiambia kisanduku kwamba gari linawashwa, kirudishe ngazi ndani. Upe fyuzi ndogo ya peke yake, na usiuunganishe na chanya kubwa ya ngazi hata kwa majaribio, maana utakuwa umeziunganisha betri mbili kwa waya usioweza kubeba mkondo huo. Rangi za nyaya hazifanani kwa watengenezaji wote, fuata mchoro wa ngazi yako.

Viungo vya chini ya gari vibane kwa koleo maalumu, si kwa meno ya plaisi, kisha uvivishe mpira wa kujibana kwa joto wenye gundi ndani. Kabla ya kuingiza mkono kwenye ngazi, chomoa fyuzi. Sumaku ya mlangoni, ile inayoiamuru ngazi itoke au irudi mlango ukifunguliwa au kufungwa, haijui kama uko chini.

Ukimaliza, rudia vipimo injini ikiwa imezimwa. Kisha toa ngazi nje, zima swichi yake ya ndani, funga mlango, washa ufunguo. Nyingi zimetengenezwa zirudi ndani zenyewe hapo. Ikigoma kurudi, anza na ule waya mwembamba, halafu sumaku ya mlango. Ukipata namba zako za volti ziweke hapa, tuziangalie pamoja.