Ukoka kukauka mabaka: jua au wadudu?

Ndugu, umesema ukoka wako wa Dodoma umepata mabaka ya njano kiangazi hiki ingawa unamwagilia kila jioni. Kabla hujakimbilia dawa, shika nyasi za ukingoni mwa baka uvute. Zikigoma, huenda ni jua tu. Zikinyanyuka kama mkeka, mizizi imeliwa: chimba sentimita 5 hadi 10, utaona mabuu meupe, kichwa cha kahawia, yamejikunja. Hapo umwagiliaji wako ndio unaowaita, maana mtaa mzima umekauka na mbawakawa, wale wadudu wa mabawa magumu wanaozaa mabuu hayo, hutafuta udongo laini wa kutagia. Mwagilia mara mbili kwa wiki, alfajiri, maji yazame. Baka lililoliwa lifukue, waachie kuku dakika kumi. Wanafanya kazi kuliko kibarua.

Ukiona vishimo vidogo na vipande vya majani vilivyokatwa, ni mchwa, na wao hupenda ukavu. Tafadhali usimwage oili chafu, inaua nyasi zako kwanza.

Usifyeke hadi chini. Acha sentimita 5, kivuli cha majani hupoza udongo.

Mvua za kwanza zikinyesha, angalia viwavijeshi. Koroga sabuni ya vyombo kidogo kwenye ndoo, mwaga mita moja ya mraba, subiri. Wakiwepo watapanda juu wenyewe. Hao ndio wa kupulizia dawa, jioni, wakiwa bado wadogo.