Maji ya kunywa hayagusi nyuzi za sauti

Dada, umeuliza kama chupa ya maji unayoimaliza dakika tano kabla ya kupanda jukwaani inalainisha nyuzi za sauti zilizo kooni. Hapana, haizilainishi. Ukimeza, njia ya hewa inajifunga na maji yanashuka kwenye umio, yaani njia ya chakula. Yangezigusa nyuzi ungepaliwa hapo hapo. Yanasaidia, tena sana, ila kupitia damu, na hilo linataka muda. Kwa hiyo kwenye kozi yako ya kiangazi ya tamthilia za muziki, asubuhi sauti, mchana dansi, jioni mazoezi ya onyesho, anza kunywa tangu unapoamka, kidogo kidogo.

Kinachofika moja kwa moja ni mvuke. Nafundisha uimbaji, na wanafunzi wangu huweka maji ya moto kwenye bakuli, taulo kichwani, wakavuta pumzi taratibu kwa mdomo. Yasiwe yanachemka, na usitie dawa ya kuchua, inawasha. Vyumba vya mazoezi vyenye kiyoyozi siku nzima hukausha koo, hivyo jioni mvuke ni muhimu zaidi.

Ila sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, muone daktari wa koo. Mvuke hautibu vinundu, yaani vivimbe vidogo kwenye nyuzi za sauti.