Nilibadili toleo la Python, sasa terminali haifunguki

SWALI: Ndugu Mhariri, kompyuta yangu inatumia mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, ambao huja na lugha ya programu ya Python, toleo la 3.10. Kwa kuwa masomo yangu yanahitaji 3.12, nilisakinisha toleo hilo, kisha nikakielekeza huko kiungo cha /usr/bin/python3 (njia ya mkato ya mfumo inayoonyesha Python ipi itumike) ili liwe ndilo linaloitwa siku zote. Tangu hapo terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, haifunguki. Je, nimeiharibu kompyuta? Njia sahihi ni ipi?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, ondoa hofu, kompyuta yako ni nzima na kazi zako zipo. Ulichokigusa ni kiungo ambacho Ubuntu yenyewe inakitegemea, kwani terminali yake huanzishwa na programu fupi ya Python inayohitaji moduli (kipande cha programu cha ziada) iitwayo gi, na sehemu ya moduli hiyo imeundwa kwa lugha ya C mahususi kwa ajili ya 3.10, hivyo 3.12 ikiitafuta haiipati. Moduli ya apt_pkg, inayotumiwa na programu za kusimamia vifurushi, ina tatizo hilo hilo.

Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja ili upate skrini ya maandishi matupu, ingia kwa jina na nywila yako, kisha andika:

sudo ln -sf /usr/bin/python3.10 /usr/bin/python3

Ukishawasha upya kompyuta, terminali itafunguka.

Sasa nakusihi kiungo hicho usikiguse tena. Matoleo mawili yanaweza kukaa pamoja bila kugombana, mradi kila kazi uitengee mazingira yake, yaani folda yenye Python na maktaba zake yenyewe. Sakinisha kifurushi cha python3.12-venv, kisha, ukiwa ndani ya folda ya masomo yako, andika:

python3.12 -m venv mazingira
source mazingira/bin/activate

Kuanzia hapo, neno python litamaanisha 3.12 katika dirisha hilo tu, na kila maktaba utakayoisakinisha kwa pip, programu ya kusakinisha maktaba za Python, itaingia katika mazingira hayo bila kugusa za mfumo. Ukimaliza, andika deactivate.

Ikiwa bado unataka kuandika python na kupata 3.12 katika kila dirisha, ongeza mstari wa alias python=python3.12 katika faili ya .bashrc, ambayo husomwa kila unapofungua terminali. Jina hilo la mkato haliidhuru Ubuntu (ila usilichanganye na mazingira ya hapo juu, kwani litaipiku python ya mazingira hayo), kwa sababu linasomwa na terminali unayoandikia wewe peke yake, ilhali programu za Ubuntu huiita Python kwa anwani yake kamili, /usr/bin/python3.