Mama hataki kunilipia sataranji ya mtandaoni

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 16, niko Kidato cha Tatu. Naishi Kisauni, Mombasa, na mamangu, bibi na wadogo zangu wawili. Babangu na mamangu waliachana. Nilianza sataranji Kidato cha Kwanza na sasa niko kwenye timu ya shule. Kuna tovuti ambayo ukilipia kama shilingi 900 kwa mwezi unapata mafumbo bila kikomo, masomo, na uchambuzi wa kila mechi unayocheza. Mamangu anauza mahamri na mbaazi asubuhi na viazi karai jioni. Nilipomuomba alisema atafikiria. Nilipomkumbusha akasema hataki kusikia habari za kukatwa pesa kila mwezi. Nikamweleza habari za Phiona Mutesi wa Uganda, akaniuliza, "Na yeye alilipiwa na mamake?" Bibi naye anasema sataranji si mchezo wa mtoto wa Kiislamu. Ammi yangu yuko Doha na ana kadi ya benki. Nataka nimuombe alipe kimyakimya, mama asijue. Unaonaje?*

*Mpanda Farasi, Kisauni*

Marahaba, mwanangu.

Lile swali la mamako limenichekesha, na limekushinda kwa haki. Phiona alifundishwa na Robert Katende kule Katwe, Kampala, kwenye vibao vya kawaida, na watoto wengi walivutwa pale kwanza na kikombe cha uji. Mwaka 2012 alirudi kutoka Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul akiwa na cheo kinachotambuliwa na FIDE, shirikisho la dunia. Hakuna mahali katika habari hiyo ambapo mama mtu alikatwa shilingi 900 kwenye simu. Kwa hiyo kila ukimtaja Phiona unampa mamako hoja ya bure. Tena mama aliyeamka alfajiri kukaanga mahamri hapendi kuletewa mtoto wa mwenziwe awe kipimo, hata mtoto huyo akiwa na sifa gani. Muache Phiona na mambo yake.

Sasa rudi kwenye maneno aliyoyasema kabla ya hapo. Alisema hataki habari za kukatwa pesa *kila mwezi*. Hakusema sataranji ni upuuzi, wala hakusema huna kipaji. Wewe umesikia "sitaki", ukakimbilia kumthibitishia kwamba mchezo ni mzuri. Hilo hakuuliza.

Nani kwetu hajawahi kuweka salio la shilingi 50 akakuta limeliwa na vidokezo vya mapenzi au wimbo asiouomba, kisha akahangaika wiki nzima kutafuta namba ya kujitoa? Watu wa umri wa mamako wameumwa na mambo hayo mno. Sasa unakuja wewe na neno "kila mwezi", na pesa zenyewe zinapita kwenye simu yake. Natumai unanielewa.

Na hofu yake ina msingi. Tovuti hizi nyingi, ukilipa mara moja, malipo hujirudia yenyewe mpaka uyafute. Zile za "siku saba bure" ndizo za kutazamwa kwa macho mawili, kwa sababu siku ya nane zinaanza kukata. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Huo mtego umewanasa watu wazima wenye shahada zao. Ukiwa umelipia kupitia duka la programu la Google, lazima uingie humohumo dukani, kwenye sehemu ya malipo ya kujirudia, uyasimamishe pale. Na kama mtalipa kwa ile kadi ya GlobalPay ya M-Pesa, ambayo ndiyo njia rahisi kwa asiye na kadi ya benki, jua kwamba inakula kwenye salio lilelile la M-Pesa. Nikiotea, mamako anaweka humo pesa za unga, mafuta na viazi. Fikiria tovuti imejikatia asubuhi ambayo yeye yuko dukani na mfuko wa unga uko juu ya kaunta.

Jambo jingine: bei ni ya dola. Ile 900 yako ni ya leo. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikaribia shilingi 160, kabla mwaka haujaisha ikawa imeshuka mpaka karibu 130. Bei haikubadilika huko kwao, lakini huku ingeshuka kwa zaidi ya shilingi mia moja, na siku nyingine inaweza kupanda vivyo hivyo. Halafu tazama kama bei uliyoiona ina VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ndani yake, maana huduma za mtandaoni kutoka nje nazo hutozwa hapa Kenya asilimia 16. Usiende kwa mama na 900 halafu simu ikaonyesha 1,044. Hapo hata kama ungekuwa umeshapata, umeshapoteza.

Na hebu tuihesabu hiyo 900 kwa lugha ya nyumbani kwenu. Hamri likiwa shilingi 10, ni mahamri 90. Hayo ni mauzo. Toa unga, sukari, nazi, iliki, mafuta na makaa, uone ni mahamri mangapi inabidi yauzwe ili ibaki 900 safi ya kuchezea. Fanya hesabu hiyo kwenye karatasi peke yako kabla hujamuomba tena. Sikwambii uache kuomba. Nataka ujue unaomba nini.

Je, unaihitaji kweli? Mimi sataranji siijui sana, najua farasi anavyoruka na mfalme anavyokimbizwa basi, lakini hili nimelifuatilia. Kuna tovuti inaitwa Lichess, ilianzishwa 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, na inaendeshwa na shirika lisilotafuta faida kwa michango ya watu. Haina matangazo. Mafumbo hayana kikomo. Uchambuzi wa mechi upo, unafanywa na Stockfish, programu huria ambayo hata tovuti kubwa za kulipia zinaitumia. Anayechanga pesa anapata alama ndogo karibu na jina lake, na zaidi ya hiyo hana kitu ambacho wewe huna. Yaani mawili kati ya matatu uliyoniandikia yanapatikana bure, leo, kwa bando lako dogo.

Linalobaki ni masomo: yale yaliyopangwa hatua kwa hatua, na maelezo kwa maneno ya kwa nini hatua fulani ni mbovu. Hapo tovuti za kulipia zina ubora wao, sikatai. Mashine ya bure itakuonyesha kwamba ulipaswa kusogeza ngome, lakini haitakukalisha ikueleze. Basi ombi lako lipungue mpaka lifike hapo. "Nataka masomo ya kumalizia mchezo, maana ndipo ninapofungwa" ni ombi la mtu anayejua shida yake. "Nataka ile ya kulipia" ni ombi la mtoto aliyeona tangazo.

Utajuaje ndipo unapofungwa? Andika mechi zako. Chukua daftari la kurasa 96, kila mechi ukurasa mmoja: hatua zote, na chini mstari mmoja wa kwa nini ulishinda au ulifungwa. "Nilimtoa malkia mapema." "Nilikuwa na askari mmoja zaidi nikashindwa kumfikisha." Fanya hivyo muhula mzima kabla hujalitaja tena neno pesa. Usilifanye kwa ajili ya kumwonyesha mama, atajua. Lifanye kwa ajili ya mchezo, na lizoee kukaa mezani.

Maana nadhani kuna kitu kingine mamako hajakwambia. Hajawahi kuiona hiyo sataranji yako. Anachokiona ni shingo iliyoinama kwenye simu baada ya isha, kimya, kidole kinagusa hapa na pale. Kwa macho yake hakuna tofauti kati ya hapo na mtoto wa jirani anayetazama video za kuchekesha. Azima kibao shuleni Ijumaa, ukirudishe Jumatatu. Tandika sebuleni mcheze na mdogo wako. Mfundishe, mgombane, acheke akikula farasi. Mama akipita na karai lake atauliza huyu anakwendaje. Ukimjibu, jibu kwa ufupi, usimgeuzie darasa.

La bibi sasa. Hili usilipuuze ukadhani ni maneno ya wazee. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya sataranji tangu zamani, na wapo waliosema ni haramu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu wa pwani tunayoyafuata, kauli iliyo mashuhuri ni kwamba ni makuruhu, yaani haipendezi lakini si haramu, mradi hamna kamari ndani yake na haimpitishii mtu sala. Mimi si wa kutoa fatwa, na wewe pia si wa kumsomesha bibi yako dini kwa kitu ulichokisoma kwenye simu. Mwambie mama mwende pamoja kwa ustadhi mnayemuamini, aulizwe mbele yenu nyote. Inawezekana kabisa kwamba mamako amejificha nyuma ya pesa ili asimvunjie heshima bibi, au asikuvunje moyo wewe. Ikiwa ndivyo, hata ungeleta 900 yako mwenyewe asingekubali, na ungebaki unashangaa. Kwa hiyo hili litangulie. Na ukiwa unacheza adhana ikalia, mechi uiache, hata kama unashinda. Bibi anakuangalia.

Tuje kwenye siku ya kuomba. Usiombe mafuta yakiwa motoni wala bibi akiwepo. Usimwandikie ujumbe WhatsApp na mko nyumba moja, ni utovu wa adabu. Subiri jioni ambayo viazi vimeuzika vikaisha, ameshaosha miguu, anakunywa chai. Na omba mwezi mmoja tu, Agosti, shule zikifungwa. Huo ndio mwezi utakaokuwa na muda wa kupitia masomo mengi. Kulipia muhula ukiwa na mitihani ni kutupa pesa. Wenye tovuti watakwambia ukilipa mwaka mzima unapunguziwa. Kweli unapunguziwa, lakini watakuwa wameshika pesa za miezi kumi na moja ambayo hujui utaitumiaje. Waachie.

Mimi ningesema hivi: "Mama, naomba mwezi wa Agosti tu. Ni shilingi kadhaa, na kodi imo. Nusu ninayo, ni mkono wa Idi niliouweka. Tukishalipa nitayafuta yale malipo ya kujirudia palepale ukiona, ili Septemba wasikate kitu." Kisha nyamaza. Usianze kueleza faida za sataranji kwa akili ya mtoto, keshazisikia. Na huduma nyingi za namna hii, ukifuta mapema, bado unaendelea kutumia mpaka mwezi uliolipia uishe, lakini hilo lisome kwenye masharti yao kabla ya kumuahidi.

Ile nusu iwe ya kweli. Kama mkono wa Idi ulishakwenda kwenye mtandio na chipsi, basi subiri Idi nyingine. Wala usimuuzie mama kazi ambazo tayari ni zako. "Nitaosha masufuria ukinilipia" litamuudhi, na haki yake, kwani mpaka leo masufuria yalikuwa yanaoshwa na nani?

Anaweza kusema hapana. Mwaka ukiwa mgumu, 450 nazo ni pesa. Akikataa, sema "sawa mama" bila kubamiza mlango, na uendelee na ile ya bure na daftari lako. Mwalimu wa timu naye aulizwe; huenda shule ikaweza kulipia akaunti moja mkaitumia nyote kwenye chumba cha kompyuta, kama masharti ya tovuti yanaruhusu. Hilo mwanafunzi aliye timuni anaweza kuliomba kwa adabu kabisa.

Kwa ammi usiende. Najua ni mtu mwema na 900 kwake huko Doha si kitu, lakini wewe hesabu uhusiano. Ammi ni ndugu wa babako, na babako na mamako hawako pamoja. Mama anakulea kwa mikono yake miwili kwenye moto wa makaa, halafu siku moja shemeji anapiga simu ya salamu na kuponyokwa, "Ile sataranji ya mtoto nimeshamlipia." Sataranji itakuwa imekwisha hapo. Atakachosikia ni kwamba upande ule wamehesabu kuwa ameshindwa, na mwanawe mwenyewe ndiye aliyewapelekea habari. Aibu hiyo hutaweza kumfutia, na siri za pesa katika ukoo hazikai hata mwezi. Kama ammi atalipa, basi mama mwenyewe awe ndiye aliyemwambia, au aliyekuruhusu umwambie, na simu ipigwe mbele yake.

Nimesoma barua yako tena, pale ulipoandika "nataka nimuombe", nikapata wasiwasi kwamba huenda umeshamuomba. Ikiwa ni hivyo, mwandikie leo, mwambie asilipe, kwamba unazungumza na mama kwanza. Na kama ameshalipa, mweleze mama usiku huu kabla hajasikia kwa mtu mwingine, kisha ammi aambiwe ayasimamishe malipo ya mwezi ujao.