Mtoto akilia hapa, nani anambembeleza?

Kutoka Kigoma mjini hadi Bujumbura hakuna mbali. Unavuka mpaka Manyovu, na ukifika unalikuta ziwa lilelile, dagaa walewale wanaoitwa ndagala, migebuka wanaiita mukeke. Ndiyo maana nilipopata kazi kule nilihangaikia nyumba na vyombo, suala la shule nikalimaliza kwa siku moja. Ukaribu ulinidanganya.

Shule ya kwanza ilikuwa ya kulipia, ya Kifaransa, ina vigae na basi lake. Niliuliza ada, sare, usafiri na matokeo ya mitihani. Sikuuliza wanamfanyaje mtoto asiyejua lugha.

Mwanangu alikuwa ametoka Darasa la Pili pale Mwanga, na hesabu alikuwa anaziweza. Wiki ya tatu mwalimu akataja namba waandike. Themanini kwa Kifaransa ni kama kusema “nne ishirini”, quatre-vingts. Yeye alikuwa amekariri moja hadi ishirini kwa tabu sana. Akasikia nne, akasikia ishirini, akaandika 420. Daftari likainuliwa darasa zima lione. Tangu hapo kila Jumatatu asubuhi: “Mama, tumbo.” Nilimpeleka akapimwa malaria mara mbili kabla sijaelewa ugonjwa wenyewe uko wapi.

Nikaanza kutafuta upya, safari hii nikienda saa ya mapumziko. Darasani kila shule hujipanga mgeni akiingia, lakini uwanjani hawawezi kujipanga. Mtafute kwa macho mtoto aliyekaa peke yake ukutani, halafu uone kama kuna mtu mzima anayemwona. Omba pia kwenda chooni, choo cha watoto, siyo cha walimu. Na swali langu likawa moja: mtoto akilia hapa, nani anambembeleza? Mwalimu mkuu mmoja alinijibu, “Mama, hapa watoto hawalii.” Nikamshukuru, nikaondoka.

Tuliyoichagua haina vigae. Mwalimu alichuchumaa, akamuuliza mtoto kwa Kirundi kama anataka amazi. Mtoto akaitikia kwa Kiha cha bibi yake wa Kasulu! Kile Kiha nilichokuwa nakikataza nyumbani (eti kitamharibia Kiswahili) ndicho kilichomwokoa, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Shule za serikali za Burundi huanza kufundisha kwa Kirundi madarasa ya chini, Kifaransa kinachukua nafasi baadaye, na Kiswahili nacho ni somo. Wazazi wenzangu wa Kigoma wengi hukimbilia Kifaransa tangu siku ya kwanza. Kwa mtoto wa Kiha mimi ningesema aanzie kwenye lugha anayoweza kuombea ruhusa ya kwenda chooni, Kifaransa kitamkuta hapohapo.

Nyumba nayo ni sehemu ya shule. Tulihamia Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili kinazungumzwa tangu zamani, ili jioni apate watoto wa kucheza nao bila kutafuta maneno. Binti wa jirani akawa anamfundisha namba za Kifaransa kwa kuhesabu ndagala kwenye ungo. Themanini ilieleweka pale: mafungu manne ya ishirini.

Kalenda usiipuuze. Kwetu mwaka wa shule huanza Januari, Burundi Septemba. Sisi tulifika Januari, wenzake wameshamaliza muhula mzima na marafiki wameshagawana. Ningerudia, ningehama Julai, mtoto apate wiki kadhaa za mtaani kabla ya kengele ya kwanza.

Makaratasi ni mepesi ukianza mapema: cheti cha kuzaliwa cha RITA, kadi ya chanjo, barua ya uhamisho na ripoti zenye muhuri. Uliza shule kama wanataka tafsiri ya Kifaransa, na ripoti za huko zitunze zote, maana siku ya kurudi Kigoma utaulizwa mtoto alisoma nini.

Siku hizi Jumatatu tumbo haliumi. Linauma Jumamosi, ikifika zamu yake ya kuosha vyombo.