Treni inakatwaje bila fundi kuingia chini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Naishi Berlin, juzi nilipanda ICE, ile treni ya kasi ya Ujerumani, kwenda Köln, kufika Hamm tukatangaziwa treni inakatwa, nusu inapita Wuppertal nusu Dortmund. Nikachungulia nje, sikuona fundi hata mmoja, mara wenzetu hao wameondoka! Sasa nani kafungua? Na je haiwezi kufunguka tukiwa kwenye spidi?

JIBU: Nzuri ndugu yetu. Aliyefungua ni dereva, kabonyeza kitufe tu akiwa kwenye kiti chake. Kwenye pua ya ICE, nyuma ya kile kifuniko, kuna kapla, yaani kiungo cha kushikanisha treni, ya Scharfenberg, ya Mjerumani Karl Scharfenberg aliyeisajili 1903. Usoni ina chuma kilichochongoka upande mmoja na shimo upande wa pili, zikikutana mbili cha huyu kinaingia kwa mwenzake zinajinyoosha zenyewe. Ndani kuna sahani nene yenye pengo halafu ina pete ya chuma, pete ya huku inanasa kwenye pengo la kule na ya kule inanasa huku, springi inazungusha sahani, kwisha habari. Upepo wa breki na umeme navyo vinaungana hapohapo. Wakati wa kukata, upepo unazisukuma sahani zizunguke ziachie.

Kufunguka njiani ondoa shaka, maana pete zile mbili zinavuta kila sahani sawasawa pande zote, haipati nguvu ya kuzunguka. Na hata treni ikikatika kweli, bomba la breki linamwaga upepo na breki zinakamata zenyewe, vipande vyote viwili.

Mafundi uliowategemea wapo kwenye mabehewa ya kizamani ya Ulaya yanayovutwa na kichwa, mtu anainama anapita chini ya bafa (vile vyuma vya kupokea mgongano mwishoni mwa behewa), anasimama katikati ya mabehewa, anatundika pingu kwenye ndoano, anakaza skrubu kwa mkono halafu ndio aunge mpira wa breki. Kazi ya roho mkononi hiyo, Marekani ilishawaua na kuwakata vidole wengi mpaka 1893 ikatoka sheria ya kulazimisha kapla za kujifunga zenyewe.

Ila siku nyingine angalia namba ya behewa kwenye tiketi kabla hujakaa, kwa sababu ICE mbili zikiunganishwa hakuna njia ya abiria kupita kutoka moja kwenda nyingine, ukigundua umekosea inabidi ushuke ukimbie kwenye jukwaa la stesheni na mabegi yako.